Uso Uliokuwa Chini ya Herufi

Njeri anasema kwa kuwa nimestaafu, nisipoandika chochote nyinyi mliobaki karakanani mtadhani kazi hii ilianza na kompyuta. Basi naandika. Mishahara sitaitaja, haikuwa na urefu wa kusimuliwa. Vyeo navyo havikuwepo: kulikuwa na fundi, na kulikuwa na mimi. Nitaeleza tulivyofanya kazi, kisha nitaeleza habari ya kile kisanduku kimoja cha picha, katika ukurasa wa katuni, ambacho Njeri alinipigia simu juu yake, kwa sababu nasikia kila mmoja wenu anaisimulia kivyake na wengine mmeshaanza kutia chumvi.

Nilifika Birmingham na ufundi mmoja tu, wa kuandika vibao. Kule Machakos niliandika vibao vya vinyozi, vya hoteli na vya maduka ya dawa, na mtu akiona herufi zangu alijua ni za Ndinda. Hapa hakuna aliyetaka kibao. Wenzangu wa kanisani walikwenda kutunza wazee, mimi nikashika ufagio, nikawa nasafisha vyumba vya mafundi wa vito kule Hockley asubuhi, kabla wenyewe hawajaanza kugonga pete na mikufu yao. Siku moja mashine ya kufyonza vumbi ilimeza waya wake yenyewe, nikaipa maneno ambayo nisingeyatamka mbele ya mchungaji. Nyuma yangu sauti ikasema kwa Kiswahili, "Wewe msichana, hiyo mashine imekosea wewe nini? Mpaka mama yake unataja?"

Nilitamani sakafu inimeze. Alikuwa mzee Singasinga mwenye kilemba cha buluu, mzaliwa wa Kisumu, jina lake Bwana Gurdial. Alianza maisha ya hapa kwa kuchonga majina kwenye bangili, halafu mkono wake mzuri ukampeleka kwenye kuandika maneno ya katuni. Aliponiuliza nilifanya kazi gani nyumbani, nilichukua chaki nikaandika neno KINYOZI ubaoni kwake, kwa mtindo wangu wa herufi zenye kivuli. Akalitazama kwa muda. Akasema hiyo K imelewa, lakini zingine zinaweza kufundishwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya ajira.

Katuni yenyewe mnaijua: Ilse Verbruk, mpelelezi wa kike, kitabu kimoja kila mwaka kutoka Ulaya, tangu kabla sijazaliwa. Mwanamke mwembamba, nywele fupi, glavu za kijivu, hana bastola. Anaishi katika mji wa ukungu kando ya mto ambao jina lake halijatajwa popote. Watu wanamdanganya, naye anawaacha wamalize. Wasomaji walimfuata tangu wakiwa shuleni mpaka wakapata wajukuu, na yeye hakuzeeka hata siku moja. Nilimwonea wivu kwa hilo. Kazi yetu ilikuwa kumfanya azungumze Kiingereza.

Siku hizi mnapokea picha huku na maneno kule, kila kitu kwenye tabaka lake ndani ya kompyuta. Sisi tulipokea nakala za kurasa zilizopigwa picha, zikiwa tayari zimeandikwa kwa lugha yao. Viputo vya maneno vilikuwa rahisi: unapaka rangi nyeupe, inakauka, unaandika. Taabu ilikuwa sauti. Mlango ukigongwa, bunduki ikilia, treni ikipita, msanii alichora ile sauti kwa herufi kubwa nene katikati ya picha. Lazima uzifute uweke za Kiingereza. Sasa za Kiingereza hazina umbo lile lile, kwa hiyo ukishafuta unabaki na tundu jeupe, mahali ambapo msanii mwenyewe hakuchora kitu. Angechora kwa nini, ilhali alijua herufi zitafunika? Hapo ndipo sisi tulipoingia. Tulichora kilichokuwa chini ya herufi: kipande cha ukuta, mguu wa kiti, nusu ya ngazi. Tulichora kwa nibu na wino, tukiiga mkono wa mtu ambaye hatujawahi kuonana naye.

Bwana Gurdial alikuwa na sharti moja, na alinipa siku ile ile ya kwanza. "Chora ukuta. Chora moshi. Mlango chora, lakini ikuwe imefungwa. Mtu usichore."

"Kwa nini, Mzee?"

"Mtu ukiweka hapo, atatoka namna gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinipa kitambaa cha kupangusia nibu akarudi kwenye meza yake.

Nilishika sharti hilo kwa miaka kadhaa bila kulifikiria. Halafu siku moja, nikipanga upya rafu ya vitabu vyetu vya zamani, nikafungua kimoja ambacho yeye alikifanya peke yake kabla yangu. Ilse anavuka ua, bunduki imelia, na nyuma ya ile sauti, pembeni mwa herufi zake za Kiingereza, kuna dirisha la ghorofani. Dirishani kuna mwanamke. Ametugeuzia mgongo. Ana msuko mrefu na mtandio begani. Nilijua mkono wa msanii, nilijua na mkono wa Bwana Gurdial. Yule mwanamke alichorwa Hockley.

Nikampelekea kitabu kikiwa wazi pale pale. Alikitazama, akanimiminia chai, na kwa watu wa Kisumu wa rika lake hiyo maana yake ni kaa chini.

Mwanamke yule alikuwa Surjit, mke wake. Alifariki Kisumu kabla Bwana Gurdial hajahamia huku, na sanduku lenye picha zake zote lilipotea safarini. Hakubaki na hata moja. Hakuwa na mtoto wa kumtazama usoni akamwona mama yake. Miaka ilivyokwenda, uso wa mkewe ulimtoka kidogo kidogo. "Kwanza ilienda mdomo," aliniambia. "Halafu macho. Mwisho mimi nimebaki na mgongo." Basi siku moja alipofika kwenye lile tundu jeupe, akachora alichobaki nacho, kisije nacho kikapotea.

"Na sharti?"

"Sharti ilikuja nyuma. Mwaka iliyofuata kifurushi ikafika kutoka Ulaya, na yeye iko ndani."

Alinionyesha. Sokoni, nyuma ya Ilse, katikati ya watu, mwanamke mwenye msuko ametugeuzia mgongo. Huyu hakuchorwa Hockley. Alichorwa na msanii mwenyewe.

Nikasema lililo wazi, kwamba kila mwaka nakala za kitabu chetu zinarudishwa kule, kwa hiyo msanii amemwona yule mwanamke dirishani, amempenda, anafanya utani wa fundi kwa fundi. Bwana Gurdial akasema hata yeye alijiambia hivyo. Akaweka kidole kwenye picha. Yeye dirishani alichora mabega na kichwa tu. Huyu wa sokoni alikuwa mzima, amebeba sinia kwa mikono miwili, na ncha ya mtandio ameishika kwa meno isidondoke. "Surjit alifanya hivyo hivyo. Mimi sikuchora hiyo. Sikuambia mtu."

Chai yangu ilipoa. Tangu siku hiyo sikufungua tena kifurushi kutoka Ulaya kwa raha. Wengine wangefungua kujua nani kaua, mimi nilifungua kumtafuta yeye, na kila mwaka alikuwemo. Kwenye jukwaa la treni. Kwenye mazishi, nyuma ya jeneza. Hakuna aliyezungumza naye, hakuna aliyemtazama, hakuwahi kuwa na kiputo. Kilikuja kitabu kimoja cha mvua mwanzo hadi mwisho, watu wamelowa chapachapa, na yeye amesimama kwenye daraja, mtandio wake mkavu. Kilichonitia baridi zaidi ni kwamba alikuwa anageuka. Kitabu hiki unaona sikio, kinachofuata mfupa wa shavu, kinachofuata ncha ya pua. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Bwana Gurdial hakuogopa hata chembe. Alikuwa anangoja.

Na katika kungoja kwake macho yakaanza kumwacha. Ulikuwa ule ugonjwa unaoanzia katikati: pembeni anaona, lakini kitu anachokitazama ndicho kinachopotea. Nilimpeleka hospitali iliyo karibu na kwake, Bordesley Green, na daktari akamweleza kwa upole kwamba kinachokwenda hakirudi. Njiani kurudi alinisomea vibao vyote vya maduka kwa sauti, kimoja kimoja, nikafikiri anajipa moyo. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa amevikariri.

Kazi yote ikawa yangu. Yeye alikaa kando ya hita, akisikiliza nibu, akinikosoa kwa kusikia mkwaruzo wake tu. "Hiyo S umekimbia." Na kweli nilikuwa nimekimbia. Kifurushi kikifika aliuliza neno moja.

"Bado?"

"Bado, Mzee. Shavu."

"Huyu mtu ya Ulaya anachelewa sana."

Alitaka kitu kimoja duniani, kuuona uso ule mara moja kabla ya macho kwisha, na mchoraji alikuwa akiugeuza kwa mwendo wa kobe. Nilimshauri tumwandikie msanii amgeuze upesi. Alikataa katakata. "Nikimwambia, atachora mwanamke yoyote. Wacha alete mwenyewe."

Halafu msanii akafariki. Alikuwa mzee sana, na magazeti ya kwao yalimlilia Ilse utadhani ndiye aliyezikwa. Kitabu cha mwisho alikuwa amekimaliza. Binti yake, ambaye hakujua taratibu za kazi, badala ya kututumia picha za kurasa alitutumia kurasa zenyewe, karatasi nene nzito alizochora baba yake kwa mkono, zimefungwa ndani ya blanketi. Zilinuka tumbaku. Nilizifungua asubuhi, jua limeingia dirishani, Bwana Gurdial yuko kwenye kiti chake. Wakati huo alikuwa haoni tena herufi wala uso wangu.

Yule mwanamke nilimpata karibu na mwisho. Ilse anashuka ngazi ndefu. Chini ya ngazi amesimama mwanamke mwenye msuko, mikono ameiacha wazi, amegeuka kabisa, ametuelekea. Mlango umegongwa mahali fulani ndani ya nyumba, na sauti ya mlango, herufi nyekundu nene, imepita juu yake. Imefunika uso.

"Umenyamaza," alisema Bwana Gurdial.

"Amegeuka, Mzee."

"Uso?"

"Umefunikwa. Sauti ya mlango imepita hapo hapo."

Alicheka. Alicheka sana, mpaka nikainuka kwenda kumshika bega. Alipotulia akasema, "Basi chora ukuta."

"Siwezi kuchora ukuta hapo."

"Ndinda. Utachora uso ya nani?"

Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kugombana ila juu ya maziwa ya chai, lakini siku ile nilimpandishia sauti. Nilimwambia hawezi kungoja hivyo halafu nimpe ukuta. Mimi nikafanya kitu cha kifundi, kwa sababu ndicho nilichokijua. Wachoraji huanza na penseli, wino hufuata, rangi mwisho. Karatasi ya asili ukiilaza juu ya meza ya taa, ile yenye kioo na taa chini yake, pengine penseli iliyofunikwa na rangi inaonekana. Picha za kurasa zisingenisaidia, lakini safari hii nilikuwa na karatasi yenyewe, kwa makosa ya binti wa watu. Nilivuta pazia, nikawasha taa, nikailaza.

Zile herufi nyekundu zikawa nyeusi. Nikainama. Mwanzoni sikuona kitu, macho yalikuwa bado na jua. Halafu nikaona mistari ya penseli, myepesi sana. Kidevu. Mdomo. Macho.

Sikusubiri. Niliweka karatasi nyembamba juu yake nikaanza kufuata kwa nibu.

"Unachora," alisema Bwana Gurdial.

"Ndiyo."

"Mtu?"

"Ndiyo, Mzee. Yuko hapa. Amechorwa chini."

Akasema nimweleze. Nikamweleza nikichora. Macho yameachana kidogo. Mdomo umevutwa upande mmoja, mtu anayezuia kicheko. Nyusi ya kushoto imekatika katikati, pana kovu dogo.

"Kovu hapana," alisema.

"Lipo, Mzee. Linashuka hivi, mpaka karibu na jicho."

Nilisikia kiti chake kikilia. "Ngazi," alisema. "Ngazi ya nyuma, nyumba yetu ya Kisumu. Alibeba maziwa, akaanguka. Mimi nilikimbia na taulo." Alifunika uso kwa mikono yake. "Nilisahau. Vipi mtu anasahau hiyo?" Baada ya hapo ilikuwa kama bomba lililozibuka, akawa anatangulia kunieleza yeye: tundu la kipini puani, jino lililopanda jingine ambalo ndilo lililomfanya Surjit acheke mdomo ukiwa umefungwa. Nilipotazama, kila alichosema kilikuwa kimeshakaa kwenye karatasi yangu. Tulilia wote wawili, na wino ukanichafua mpaka kidevuni.

"Anaangalia wapi?" aliniuliza.

"Huku."

"Huku wapi?"

"Kwako, Mzee."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaomba chai.

Uso niliuhamishia kwenye nakala ya ukurasa, na karatasi ya asili ikarudi kwa binti wa msanii; sauti ya mlango niliiandika ndogo, nikaisukuma juu kwenye kona ya ngazi. Mhariri alilalamika kwamba mlango haukugongwa vya kutosha, nikamjibu kwamba ulikuwa mbali. Kitabu kilichapwa hivyo. Bwana Gurdial alikwenda nacho nyumbani na alikiweka mapajani kila nilipomtembelea, kimefunguliwa ukurasa ule. Hakukiona, lakini alisema hakihitaji kuonwa tena, kwa kuwa uso umerudi kichwani mwake wote na haujapungua. Alifariki kipindi cha baridi kilichofuata, usingizini. Mpwa wake aliniletea nibu zake zikiwa ndani ya kopo la majani ya chai, hizo hizo mlizozikuta kwenye droo.

Binti wa msanii akaendeleza Ilse, na anachora vizuri, sina neno. Lakini mwanamke mwenye msuko hakuonekana tena. Nilimtafuta kila mwaka hadi nilipostaafu. Hata kwenye umati mkubwa hayumo.

Sasa habari ya Njeri. Mnajua kwamba vitabu vyote vinachapwa upya kwa pamoja, na kule Ulaya wametukopesha kurasa za asili zipitishwe kwenye ile skana mpya inayotenganisha rangi, wino na penseli. Nilikuwa nyumbani Acocks Green, bado najizoeza kulala mpaka saa mbili asubuhi, simu ikalia.

"Auntie, uko busy? Can you come in? Kuna panel sielewi."

Njeri amezaliwa hapa, Kiswahili chake hutoka akiwa na wasiwasi tu. Nilipanda treni. Nilifika kama saa sita mchana, nyinyi wengine mlikuwa mmekwenda kula, na alikuwa peke yake mbele ya skrini. Alikuwa amefungua ngazi ile.

"Watch," alisema. Akaondoa rangi zote, ikabaki penseli ya msanii, ya kijivu. Alinionyesha Ilse, vipandio vya ngazi, mikono ya Surjit, kila mkunjo wa mtandio, msuko ukishuka begani. Penseli ilipanda mpaka shingoni na ikaishia hapo. Juu yake palikuwa na karatasi tupu.

"It just stops. Hakuna kitu chini ya herufi, auntie. Hakufuta, hata alama ya eraser haipo. Nime-check mara tatu."

Nilimwambia ailete karatasi yenyewe. Tuliilaza kwenye meza ya taa, ile ile ya zamani mnayopangia vikombe, tukavuta pazia, tukainama wote wawili. Herufi zikawa nyeusi. Tulitazama mpaka macho yakauma. Chini yake palikuwa peupe.

Nikakaa kwenye kiti cha Bwana Gurdial. Njeri ni mtoto mwema, aliniletea maji, na nikaona anatafuta maneno ya kunituliza.

"It's fine, honestly," alisema. "Mzee Gurdial ndiye alikuwa mume wake. Alikaa hapo, aka-describe uso, wewe ukachora. Kovu na nini. You just remember it the wrong way round."

"Alikuwa amesahau, Njeri. Alisema kovu hakuna. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba lipo."

Kwenye skrini Njeri alikuwa na kurasa mbili sambamba, ule wa kwao usio na uso, na wangu uliochapwa zamani. Surjit wangu alikuwa anatutazama, amezuia kicheko. Njeri aliutazama uso ule, akatazama meza ya taa iliyokuwa bado inawaka, halafu bila kuniuliza akaufuta kwenye kompyuta ule ukurasa wa kwao na kuuhifadhi wangu. Ndio mtakaouona kitabuni, naomba msiuguse.

Akavaa koti lake, akasema twende tukale. Taa ya meza hakutaka kuikaribia, ikabidi nizime mimi.